Mng'aro wa Vyungu vya Alupo

Anjeline, mke mkubwa wa Egwang wa pale Malaba, alikuwa mwanamke mwenye wivu, na hapa hatutamsingizia wala kumfichia. Alikuwa nao wa kutosha kugawia kijiji kizima na bado akabakisha wa kwake. Lakini haukuwa wivu wa mume. Wivu wa mume watu wanauelewa, hata akina mama wa kanisani wana maneno yao ya kuutuliza. Wa Anjeline ulikuwa wivu wa vyungu, na huo hakuna aliyejua pa kuushikia.

Ufinyanzi alifundishwa na mama mkwe wake, marehemu sasa, mwanamke mkali aliyekuwa akibomoa chungu kibichi kwa ngumi akiona mdomo wake umepinda kidogo. Anjeline alilia miaka ya mwanzo, kisha akaiva. Vyungu vyake havikuvuja wala kupasuka motoni, na wazee waliweza kuuzunguka mtungi wake wa pombe kutwa nzima na mirija yao bila mtungi kutoa jasho. Ukisema unatafuta chungu, ulielekezwa kwa Mama Ekisa, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na hapakuwa na swali la pili.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini mambo yakaanza kuharibika ng'ambo ya mpaka, Uganda, na Egwang akaleta mke wa pili, Alupo. Egwang alifanya kazi stesheni ya reli, na watu waliokimbia Uganda walipita mbele yake kila siku na mabunda yao kichwani. Huyu mmoja hakupita. Padri alikasirika, akamnyima Egwang komunyo. Anjeline alibaki na pete yake na komunyo yake, na kwa kweli hakumpokea mgeni vibaya. Alimpa jembe, akampa kuku wa kuanzia, akamwonyesha kisima. Alupo alikuwa mwembamba, mpole, asiye na maneno mengi. Shida ilianza siku aliposema kwamba kwao pia walikuwa wafinyanzi.

Wanawake hao wawili walichimba udongo shimo moja, kule chini karibu na mto. Walichanganya na vigae vilevile vilivyotwangwa, wakachoma kwa nyasi zilezile na mavi ya ng'ombe wa boma moja. Lakini vyungu vya Alupo vilitoka motoni vikiwa vyeusi na vinang'aa, ukivitazama unaona meno yako mwenyewe. Vya Anjeline vilitoka vyeusi pia, imara, vizuri, lakini vimefifia kama sura ya mtu aliyeamka na homa.

Mwaka mmoja hivi ulipopita, sufuria zikawa hazipatikani Uganda, kama vile sabuni na chumvi zilivyopotea. Akina mama wa Tororo wakawa wanavuka kuja soko la Malaba kutafuta vyungu vya kupikia. Walikuja moja kwa moja kwa Anjeline, kwa sababu ya jina lake, wakagonga vyungu vyake kwa kidole, wakaitikia kwa kichwa kwamba ni vizuri. Halafu wakauliza, "Na za yule mwingine ziko wapi?"

Neno hilo lilimkaa Anjeline kooni kama mwiba wa samaki. Alilala nalo, akaamka nalo. Usidhani alikuwa amepungukiwa na kitu. Egwang alikuwa na mgongo mbovu, na kitanda cha springi kilikuwa kwa Anjeline, basi siku nyingi mzee alikula kwake na kulala kwake, akikoroma na kuomba asuguliwe mafuta. Anjeline aliyachukulia hayo kama mtu anavyochukulia kuta za nyumba yake. Alichotaka ni ule weusi unaong'aa.

Akaanza upelelezi. Alipita nyuma ya nyumba ya Alupo akanusa udongo wake uliofunikwa kwa majani ya mgomba. Akaulamba. Ulikuwa na ladha ya udongo. Siku moja aliiba donge zima, akalifinyanga, akalisugua kwa kokoto la mtoni kama alivyofundishwa, mpaka mkono ukachoka, akalichoma. Likatoka na homa ileile. Mtu mwingine angesema, basi udongo hauna kosa. Anjeline alisema dawa yenyewe imemkataa kwa sababu aliiba.

Na mara neno "dawa" lilipomtoka kinywani, halikurudi tena. Alilisema kisimani. Alilisema baada ya misa, akiwa bado amejifunga leso safi. "Yule msichana anatia kitu kwa chungu," akasema, "mimi niko na yeye boma moja, najua." Watu walimwamini, maana nani angejua zaidi? Kisha mtoto wa jirani akaumwa tumbo siku mbili baada ya kula maharagwe yaliyopikwa kwenye chungu cha Alupo. Mtoto alipona, lakini maneno hayakupona.

Mzee Echodu, ndugu mkubwa wa marehemu baba yake Egwang, aliita ukoo. Alikuwa mzee mwenye koti la zamani la jeshi na sauti isiyohitaji kupandishwa. Alisema kama kuna dawa, Alupo atarudishwa kwao. Hakuna aliyeuliza huko kwao kulikuwaje siku hizo. Wote walijua kwamba kaka yake Alupo alishushwa kwenye lori na askari, kwenye kizuizi cha barabara, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona. Anjeline pia alilijua hilo. Alilijua vizuri, na bado alitaka Alupo aende. Nimesema sitamfichia.

Ilibaki namna ya kujua. Zamani wangemwita emuron, mtu wa kupiga ramli, lakini nusu ya ukoo ilikuwa imebatizwa na katekista aliishi nyumba ya tatu. Ndipo mtu akamtaja Ojiambo.

Ojiambo alikuwa kijana wa Namboboto, mwanafunzi wa chuo kikuu Nairobi, aliyezunguka Busia yote na mkoba wa mifuko ya nailoni akikusanya udongo na vigae. Alikwisha kupita Malaba mara moja, akawaambia watu kuna mashine Nairobi inayoona vitu ambavyo mwanga wenyewe hauwezi kuvionyesha. Watu walicheka wakati ule. Sasa mzee Echodu hakucheka.

"Hiyo mashine inaona mpaka wapi?" alimuuliza kijana alipopita tena.

"Mpaka ndani kabisa, mzee. Mahali macho haiwezi fika."

"Hata kitu mtu ameficha?"

"Hata hiyo," Ojiambo alijibu kwa furaha, maana maskini alidhani wanaongea habari za sayansi.

Basi ukoo wote ukakusanyika kumpa vigae viwili, kimoja cha Anjeline na kimoja cha Alupo, vikafungwa mbali mbali mbele ya macho ya wazee ili mtu asibadilishe. Ojiambo hakuwahi kuona kijiji kinachopenda utafiti namna hiyo. Aliwashukuru mmoja mmoja kwa kuwashika mikono yote miwili, akapanda basi.

Miezi ya kungoja ilimkondesha Anjeline kuliko Alupo. Alupo aliendelea kwenda shambani, kumbeba mtoto wake Apeduno mgongoni, kufinyanga, kunyamaza. Anjeline ndiye aliyeshindwa kula vizuri. Kila jioni alijiuliza mashine imeona nini: majivu ya mnyama gani, mafuta ya mti gani. Alishaanza kupanga moyoni jinsi atakavyojifanya anasikitika siku ile Alupo akifunga mzigo. Alipanga hata leso atakayovaa.

Ojiambo alirudi wakati wa mavuno, mwaka wa sabini na sita, na picha kubwa ndani ya bahasha ngumu. Alitaka tu kuwaona wanawake hao wakisugua vyungu, ili aandike kitabu chake cha masomo. Badala yake alikuta ukoo mzima umekaa kwenye viti na mikeka uani kwa Egwang, na mzee Echodu katikati. Alupo alikuwa amekaa chini kwenye ukingo wa mkeka, mtoto mapajani. Mzigo wake ulikuwa tayari mlangoni. Alikuwa ameufunga mwenyewe, asimsumbue mtu.

"Sema," mzee Echodu alimwambia kijana.

Ojiambo alikohoa. Alieleza kwanza kwa nini alichelewa. "Nilianza na maikroskopu ya kawaida, wazee. Hiyo inatumia mwanga, na mwanga inatembea na mawimbi. Mmeona maji ya mto ikipita kwa unyasi moja? Wimbi haijali. Inazunguka, inapita, ukisimama ng'ambo huwezi jua kulikuwa na unyasi. Lakini ikigonga jiwe kubwa, inarudi, unajua hapa kuna jiwe. Sasa hii udongo yenu imetengenezwa na vitu ndogo kama hiyo unyasi. Mwanga inapita tu. Nikiangalia, naona ukungu. Hata ulete kioo ya namna gani, ni ukungu."

"Dawa inajificha," mtu mmoja alinong'ona, na wengine wakaitikia kwa pua.

"Kwa hivyo nikapeleka kwa ile mashine ingine. Hiyo haitumii mwanga. Inatumia elektroni. Wimbi yake ni ndogo, ndogo sana, haiwezi kupita unyasi bila kuigonga. Ndiyo hii sasa."

Akatoa picha. Zilikuwa za rangi ya kijivu, na zilipita mkono kwa mkono taratibu kama vikombe vya chai. Anjeline alivuta ya kwanza iliyomfikia. Aliona vipande bapa vyenye pembe sita, vingi visivyohesabika, vimelala ovyo, vingine vimesimama wima, vingine vimeegemeana, kama sahani za arusi zilizomwagwa na mtoto. Ojiambo alisema vipande hivyo ndivyo udongo wenyewe. Ukipanga elfu moja, kimoja juu ya kingine, hujafikia unene wa unywele.

"Hii ni ya Mama Ekisa. Na hii ni ya Alupo."

Anjeline aliipokea ya pili, akaikaribisha usoni. Aliitafuta dawa. Aliitafuta pembeni, aliitafuta katikati. Vilikuwa vipande vilevile vyenye pembe sita. Ila hivi vilikuwa vimelala chali vyote, kimoja kimefunika ukingo wa kingine, kama magamba ya samaki aina ya ngege.

"Udongo ni moja," Ojiambo alisema. "Nimeangalia kila pahali, hakuna kitu ingine. Tofauti ni kulala. Ukisugua chungu ikiwa nusu kavu, unalaza hizi sahani. Zikilala zote, mwanga inarudi pamoja, unaona kung'aa. Zikisimama ovyo mwanga inapotea. Huyu mama amesugua sana. Sijawahi ona mtu amesugua hivi."

Mzee Echodu aliinamisha kichwa. "Kwa hivyo hakuna dawa."

"Dawa gani, mzee?" kijana aliuliza, akawatazama wote mmoja mmoja. Hapo ndipo alipouona mzigo mlangoni, na furaha ikamtoka usoni.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Wazee walikuwa wanajikung'uta wasimame. Lakini Anjeline alikuwa ameshika picha mbili mkononi na kifua kinawaka, na wivu ukishanyimwa mlango hutafuta dirisha. Akasimama.

"Ngojeni," akasema. "Mimi pia nasugua. Nasugua mpaka mkono inakufa ganzi. Huyu tuko na yeye shamba moja asubuhi, kisima moja, kuni tunaenda pamoja. Jioni anapika, ananyonyesha. Hiyo saa ya kusugua kushinda mimi anatoa wapi? Atuambie! Kama si dawa ya udongo basi ni dawa ya mkono. Mwenye kusugua ni nani?"

Watu waligeuka kumtazama Alupo. Hata Egwang, ambaye tangu mwanzo alikuwa akitazama viatu vyake vya kazi, aliinua uso.

Alupo hakusimama. Alimhamisha mtoto goti moja hadi jingine.

"Mama Ekisa, wacha," alisema polepole.

"Siwachi. Sema mbele ya watu."

"Mzee akiwa kwangu, sisugui," Alupo alisema. "Nalala kama watu wengine. Mzee akiwa kwako, usingizi haikuji. Nakaa na chungu, nasugua. Nasikia mnacheka huko, naongeza. Sijui nitafanya nini ingine." Akamfuta mtoto mdomo. "Na huu mwaka wote amekuwa kwako."

Hakuna aliyemtazama Anjeline. Walimtazama Egwang, na Egwang akarudi kwenye viatu vyake. Ojiambo alikuwa amefungua daftari ili aandike namna ya kusugua, akalifunga tena pole pole.

Anjeline alibaki amesimama. Kitu cha kwanza alichosikia moyoni, na ni lazima kisemwe, kilikuwa raha. Raha fupi, ya mtu aliyeambiwa kwamba kumbe miaka yote yeye ndiye aliyeonewa wivu. Haikudumu hata pumzi moja. Nyuma yake ikaja aibu nzito, ikamshukia kutoka kichwani mpaka miguuni, kwa sababu alielewa sasa kila chungu kilichomnyima usingizi kilitoka wapi. Kila mng'aro aliouchukia aliuweka yeye, akiwa amelala kwenye springi zake, akimsugua mzee mgongo na kulalamika juu ya vyungu vya mtu.

Mzee Echodu hakutoa hotuba. Alisema Mama Ekisa atatoa kuku, ale na mwenzake kwenye sahani moja, na maneno ya dawa yafe. Kisha akamgeukia Egwang na kumwambia kwa sauti ileile ndogo kwamba mwanamume mwenye nyumba mbili ana mgongo wa nyumba mbili, na kama kitanda ndicho shida, kitanda kina miguu, kibebwe. Watu walicheka, wakapata njia ya kuinuka. Ojiambo akaufungua mzigo wa Alupo kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo si desturi kwa mwanamume mgeni, na hakuna aliyemzuia.

Kuku alichinjwa. Walikula sahani moja, bila kuangaliana. Kitanda kilibebwa kweli, kikavuka ua mchana kweupe mabegani mwa vijana wawili wa stesheni, na Egwang akakifuata nyuma na mto wake kwapani.

Sasa Anjeline akajua usingizi usiokuja ni kitu gani. Wiki zile ambazo mzee alikuwa ng'ambo ya ua, mkeka ulikuwa mpana mno. Alijaribu rozari. Alijaribu kumlaumu marehemu mama mkwe. Mwisho akavuta chungu kibichi kilichokuwa kona, akatafuta kokoto lake, akaanza kusugua, si kwa ajili ya soko wala kwa ajili ya kumshinda mtu, bali kwa sababu mikono ilitaka pa kwenda. Alisugua mpaka chungu kikaacha kukwaruza na kuanza kuteleza. Akaendelea. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba baada ya mkono kuchoka ndipo kazi huanza.

Vyungu vya Anjeline vilianza kung'aa kabla ya Pasaka.

Siku moja sokoni mwanamke kutoka Tororo, mnene, mwenye gauni la gomesi la kijani, alisimama mbele yao. Walikuwa wamekaa kando kwa kando kama siku zote, kila mmoja na vyungu vyake kwenye nyasi. Yule mwanamke alipita vya Alupo, ambavyo siku hizo vilikuwa vizuri tu, vya kawaida, akainama kuchukua chungu kimoja cha Anjeline. Alikigeuza juani. Alijiona meno.

Ilikuwa ndiyo saa ambayo Anjeline aliisubiri miaka. Aliingoja imfurahishe, na haikumfurahisha. Alijua chungu kile alikisugua wiki gani.

"Nyabo, hii ni safi kabisa," yule mwanamke alisema. Kisha uso wake ukabadilika, akakirudisha kwenye nyasi na kujifuta mikono kwenye gomesi. "Lakini wanasema huku Malaba munatia dawa kwa vyungu. Ng'ambo kila mutu anajua. Wanasema kuna muke wa hapa mwenyewe alisema."

Anjeline aliirudisha mikono mapajani. Angesema nini? Kwamba aliyesema ni yeye? Maneno yake mwenyewe yalikuwa yamevuka mto, yakazunguka vijiji vya watu asiowajua, yakarudi kukaa kwenye chungu chake. Alihisi mwanamke yule ameshaanza kuondoka, na wengine wawili nyuma yake wamesikia.

Alupo akamweka mtoto chini. Aliunyakua mkono wa Anjeline kutoka mapajani, bila kuomba ruhusa, akaugeuza na kuuinua mbele ya yule mgeni. Kidole gumba kilikuwa kimepasuka pembeni, ngozi imekufa na kuwa ngumu kama kwato mahali kokoto linapokaa.

"Mama, angalia hii kidole," alisema. "Mtu wa dawa atapata wapi kidole kama hii? Hii chungu haina kitu. Mimi ni mke mwenzake, namjua. Mzee akiwa kwangu, huyu halali."

Yule mwanamke alikitazama kidole. Akamtazama Alupo, kisha Anjeline, na kwa vile naye alikuwa mke wa mtu, hakuuliza zaidi. Akainama, akakichukua chungu.

Alupo hakuuachilia mkono mara moja, na Anjeline hakuuvuta.